Mama Wilfred na Misiba ya Watu

Skolastika alikuwa na kisu kidogo cha mpini wa mbao, na kisu hicho ndicho kilichomfungulia misiba ya mji mzima. Alikifunga kwenye pindo la khanga, akatoka nyumbani kwake Kasingirima asubuhi, akaenda liliko turubai. Akifika aliwapa wafiwa pole, akapita moja kwa moja hadi jikoni na kujivutia beseni la ndizi. Jikoni msibani kazi ni nyingi kuliko mikono, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumhoji mtu anayemenya haraka kuliko wenyeji.

Marehemu wengi hakuwajua. Habari zao alizipata kwenye kipaza sauti cha msikiti, kwenye matangazo ya kanisani, au redioni baada ya taarifa ya mchana. Alikwenda Mwanga, alikwenda Ujiji, alikwenda popote. Siri yake ilikuwa nyepesi. Msiba una pande mbili. Watu wa upande wa mume walidhani ametoka upande wa mke, na watu wa upande wa mke walidhani ametoka upande wa mume, basi wote wakamshukuru kwa kujitoa.

Msimwelewe vibaya, hakupenda vifo. Alichofuata ni ile saa nne ya asubuhi, wanawake kumi na wawili wamezunguka mabeseni, mmoja anamteta mkwewe, mwingine anacheka ndani ya khanga ili wafiwa wasimsikie, na mtu anageuka na kusema, "Dada, nisogezee maji." Nyumbani kwake hakukuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Kama kuna wa kulaumiwa, ni neema. Miaka kumi na mitano Skolastika alianika dagaa mwaloni Katonga, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akiwa jirani na Saumu, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwepesi, na kila dagaa walipokauka, wao wawili walikuwa wameshasimuliana maisha yote na kuanza upya. Kisha Wilfred, mwanawe wa pekee, akapata kazi nzuri Mwanza. Akamjengea mama nyumba ya vyumba vinne, yenye ukuta na geti jekundu la chuma. Akamwambia sasa apumzike. Mama akapumzika mpaka akaanza kuongea na sufuria.

Televisheni aliifungulia sauti ya juu kutwa, si kwa kuitazama, ila nyumba isikike kama ina watu. Alisubiri wenzake wa Katonga waje kumtembelea. Mwaka ukapita, ikawa miwili, ikafika minne, hakuja mtu. Kuwafuata aliona haya, kama mtu anayekwenda kuomba. Aliumia, na kwa kuwa hakutaka kukiri kuwa ameumia, alijiambia kwamba amewasusa.

Aliyemwumbua alikuwa marehemu Abdulatif wa Ujiji. Siku ya pili ya matanga yake Skolastika alikuwa ameshamaliza mikungu miwili. Bi Hasna, msimamizi wa jiko, mwanamke wa miaka sitini na ushee aliyekuwa akitunza masufuria na turubai la mtaa, alisimama mbele yake.

"Dada, samahani. Wewe ni wa upande upi?"

"Upande wa mke," akajibu bila kuinua macho.

Visu vyote vikasimama. Bi Hasna aliinama, akamwambia kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Abdulatif hakuoa."

Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna ambaye angewasikia. Hakuzunguka mbuyu. Alimwambia wanawake wamekuwa wakimwangalia kwa muda. Wengine walishamwona kwenye misiba mitatu ndani ya mwezi mmoja, na kila mahali ana ukoo mpya.

"Wameanza kusema," Bi Hasna alisema. "Kwamba hukosi msiba kwa sababu unajua kifo kimetumwa na nani. Unanielewa?"

Skolastika alielewa vizuri sana. Neno la uchawi likishakaa juu ya mwanamke anayeishi peke yake, hapati tena pa kukaa katika mji huu. Atafunga lile geti jekundu na kubaki na televisheni yake mpaka siku watakapombeba. Akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Bi Hasna, sina upande," alisema. "Nyumbani sina wa kumenyea. Ndiyo maana nakuja."

Bi Hasna hakumkumbatia. Hakuwa mtu wa kukumbatia. Alimtazama, kisha akauliza kama anayepanga kazi, "Unakaa wapi?"

"Kasingirima. Nyumba yenye geti jekundu."

"Uani panatosha meko matatu?"

"Hata kumi."

"Masufuria yangu yanakaa stoo yakisubiri mtu afe. Hilo halijawahi kunipendeza. Alhamisi nitakuletea, na watu. Kila mtu atakuja na chake cha kupika. Wakishakujua, wataacha kusema." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Na usiende tena kwenye misiba ya watu usiowajua. Upumzike kidogo."

Alhamisi bajaji mbili zikasimama getini, zimebeba masufuria, viti vya plastiki na turubai la bluu. Turubai lilifungwa kuanzia ukutani hadi nje ya geti, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Aliyelifunga ni Feliksi, mstaafu wa bandarini na mjane, aliyeombwa aje kufunga kamba tu na hakuondoka. Nehemia, jirani wa Bi Hasna ambaye haoni, alipewa sinia la maharage, akachambua kwa vidole, akawa anawarudishia wenye macho mawe waliyoyapitisha. Wanawake wa Ujiji walikaa mbali na mwenyeji wao kwa muda wa sufuria moja ya chai. Kisha mmoja akakosa kisu, akaazima cha Skolastika, na mazungumzo yakaanza.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni barabara. Majirani waliona masufuria ya msiba yakishushwa, turubai likipanda, wanawake wakiingia na khanga. Nyumba ile ilikuwa ya mtu mmoja, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuuliza amekufa nani. Saa nne habari ilikuwa Mwanga. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imefika Katonga.

Skolastika alikuwa akimimina mawese kwenye maharage aliposikia kilio kikija kutoka kona ya barabara. Alidhani sasa amekufa mtu kweli. Kisha akasikia jina.

"Mama Wilfred! Umeniacha na nani, Mama Wilfred!"

Aliijua ile sauti. Saumu aliingia chini ya turubai akiwa amefunga khanga kiunoni, machozi na kamasi havitenganishiki, nyuma yake wanawake wanne wa mwaloni. Akapita viti, akapita mafiga, akamkuta marehemu amesimama na upawa mkononi.

Saumu akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Uko hai," Saumu alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Niko hai."

"Nimelia toka Katonga. Barabara nzima imeniona."

"Miaka minne hukuja," Skolastika akasema. Alikuwa amekusudia kumpa pole, lakini hilo ndilo lililotoka. "Imebidi nife kwanza."

"Nilikuja! Mwaka ule ule wa kwanza. Nimegonga geti mpaka mkono ukauma. Nikasikia televisheni inasema ndani, nikajua unanisikia, ila sasa wewe ni mtu wa geti. Nikarudi na dagaa wangu."

Skolastika aliweka upawa chini. Aliifikiria ile televisheni, na nyumba aliyotaka isikike kama ina watu. Akaanza kulia, na hakujificha ndani ya khanga.

Saumu alimwacha alie, kisha akajifuta uso, akavuta kigoda, akakaa mbele ya beseni la ndizi kama aliyetoka pale jana. Bi Hasna alikuwa anatoka nyuma ya ukuta na kuni. Kilio hakikumshangaza, amesikia vingi. Akaona mwanamke mgeni jikoni kwake, na kwa mazoea ya miaka mingi akauliza, "Na huyu ni wa upande upi?"

Skolastika alichukua kisu chake kutoka kwa aliyekiazima, akampa Saumu.

"Huyu ni wa upande wangu," alisema.