Kitanda cha Bibi Annis na Mpaka wa Parokia

Mimi ndiye mchimba makaburi wa Skelgarth, na katika watu wote niliowazika hakuna aliyenisumbua kabla ya kufa kama Bibi Annis Tallentire. Simlaumu. Lawama zote nampa Mzee Cuthbert Raine, mwalimu mstaafu wa jiografia na mwenyekiti wa Chama cha Historia, mtu aliyependa ukweli mpaka akasahau kwamba ukweli nao una majirani.

Annis alizaliwa juu kule kwenye malisho, ambako mvua hainyeshi kutoka juu bali kutoka ubavuni. Alikuwa na mikono ya mkamuaji na ulimi wa mwenye kesi. Akaolewa na Wilf, mfupi, mpole, ambaye katika ndoa yao nzima alishinda ubishi mmoja tu, na hata huo ni kwa sababu siku ile mkewe alikuwa anaumwa jino. Walifuga kondoo, wakatengeneza jibini, wakanuniana na kupatana. Wilf alipofariki nilimchimbia karibu na ukuta wa makaburi, hatua chache kutoka nyumbani kwao. Mjane alisimama pale mvuani akiipima nafasi iliyobaki kwa mwavuli wake.

"Jonty, hapa patanitosha?"

"Patakutosha, Bibi."

"Basi usimpe mtu. Na mimi nilazwe kushoto. Wilf akinigeukia kulia anakoroma."

Hicho ndicho alichokitaka duniani, wala hakutaka kingine: kulala kando ya mumewe. Ungedhani ni jambo dogo.

Lakini makaburi yalikuwa yanajaa, na matajiri wa mjini walikuwa wananunua nyumba zetu, wanakuja Jumamosi, wanaondoka Jumapili, kisha wanataka kuzikwa hapa kwa sababu ya mandhari. Baraza la kanisa likakasirika, likapitisha sheria: kaburi la Skelgarth ni la mtu anayelala ndani ya mpaka wa parokia. Kumiliki nyumba hakutoshi. Lazima ulale. Tulipiga makofi, tukala keki ya tangawizi na jibini, tukarudi majumbani tukijiona wajanja.

Hapo Mzee Cuthbert akauliza swali ambalo hakuna aliyemtuma kuliuliza: mpaka wenyewe uko wapi?

Zamani watawa waliokuwa na kondoo bonde zima waliweka mawe yenye alama ya msalaba, huku Skelgarth, kule Hobthwaite, kijiji jirani. Mawe yalikuwa yamezama ardhini. Chama cha Historia kikaanza kuyachimba, watu wazima kwa magoti kwenye matope, kila mmoja na mwiko wake wa mwashi na chupa ya chai. Na kila mwaka, wiki ya Sikukuu ya Kupaa, tulitembea kwenye mstari uliopatikana tukiuchapa kwa fimbo za mierebi, kama walivyofanya mababu. Mstari ukipita kwenye kijito, tunaingia kijitoni. Ukipita kwenye nyumba, tunagonga mlango.

Jiwe la kwanza liliupeleka mstari katikati ya nyumba ya Annis. Tuliingia kwa mlango wa mbele tukifuta miguu na kuomba radhi, tukachapa zulia, tukatokea dirishani. Mzee Cuthbert alibaki nyuma na futikamba yake.

"Bibi Annis, samahani sana. Chumba chako cha kulala kiko Hobthwaite."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za watawa."

"Na mimi nimepiga deki Hobthwaite miaka yote hii bila kujua? Jonty! Shika kitanda upande huo!"

Tukakihamishia jikoni. Jiwe la pili likapatikana chini ya barabara, na jiko nalo likaenda Hobthwaite, pamoja na birika. Kitanda kikahamia stoo ya jibini, akawa analala chini ya rafu, ananukia mwaka mzima kama mkate wenye siagi kuukuu. Hakulalamika. Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Mimi ndiye niliyelalamika, maana kitanda kilikuwa cha chuma na mgongo ulikuwa wangu.

"Mzee Cuthbert," nilimwambia, "huwezi kuacha kuchimba?"

"Jonty, mimi sikuuweka mpaka. Mimi naupata tu."

Nilitamani kumpiga kwa fimbo ya mwerebi.

Jiwe la tatu lilitoka, na nyumba yote ikaondoka. Katika mali yote ya Annis, kilichosalia Skelgarth kilikuwa nusu ya banda la kuku. Kitanda hakikuingia. Tulisukuma, tukageuza, tukatoa ubao mmoja wa ukuta, na mwishowe kikakaa hivi: kichwani ndani, miguuni nje, turubai juu ya miguu. Kuku walimtazama, wakasogea.

Baraza likaitwa kwa dharura. Swali: mtu hulala kwa kichwa au kwa miguu? Wengine walisema miguu, kwa kuwa ndiyo humpeleka mtu kitandani. Mwenye bucha akasimama.

"Kondoo akipenyeza kichwa kwenye shamba langu, majani yanayoliwa ni yangu. Miguu iko wapi, hainihusu. Kichwa ndicho kondoo!"

Hoja hiyo ilieleweka na kila mtu. Kichwa kikashinda kwa kura moja, kwa sharti kwamba asubuhi na mapema mtu wa baraza apite kuhakikisha. Wakanichagua mimi.

"Bibi Annis, kichwa kipo?"

"Kipo. Kina macho, na yanaona mjinga amesimama mlangoni."

Majira ya baridi yakaingia. Asubuhi moja nilikuta turubai imeganda, na sauti iliyonijibu ilikuwa ya kikohozi. Nilipiga magoti kwenye mavi ya kuku.

"Rudi ndani, Bibi. Utakufa huku."

"Mwanangu, ndiyo nia yenyewe. Nikifia ndani ya nyumba, si ndiyo nimempoteza Wilf?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Cuthbert, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, kisha nikamwambia kuhusu kile kikohozi. Aliendelea kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Siku chache baadaye alituita sote makaburini. Alikuwa amepinda mgongo kama aliyebeba gunia la makaa. Mbele yake, miguuni pa kaburi la Wilf, palikuwa na shimo safi, na ndani ya shimo jiwe lenye msalaba. Msalaba ulikuwa mweupe sana kwa kazi ya watawa.

"Jiwe la nne," alisema, bila kumtazama mtu. "Mpaka unakata makaburi. Safu hii ya ukutani iko Hobthwaite. Marehemu Wilf Tallentire amelala Hobthwaite."

Nyuma yetu kuku wa Annis walikuwa wakizurura kati ya makaburi, kwa sababu jiwe lililokuwa likizuia mlango wa banda lao halikuwepo tena. Kila mmoja wetu aliwaona kuku, akaliona jiwe, akatazama mawingu.

Mama Mchungaji, kiongozi wa kanisa letu, alikohoa. "Mzee Cuthbert, una hakika? Wewe hujawahi kukosea hata inchi."

Mzee alifungua mdomo, ukweli wa maisha yake yote ukakataa kupisha uongo mmoja. Akashindwa. Mama Mchungaji akanigeukia mimi.

"Jonty, wewe ndiye uliyechimba hapa. Uliliona jiwe hili?"

Udongo ule ninaujua kama mfuko wa koti langu. Hapakuwa na jiwe hapo, hapakuwa hata na kokoto.

"Nililiona," nikasema. "Likanivunjia sepetu."

Hobthwaite hawana kanisa, na hawakuwa wamewahi kujua kwamba wana makaburi. Diwani wao, aliyekuwa ameitwa pia, alikuna kichwa, akasema kama ni hivyo, nao watafuata sheria ileile: atazikwa hapo anayelala Hobthwaite.

Annis, amejifunga blanketi mbili, alimwendea Mzee Cuthbert aliyekuwa ameshindwa kunyooka. Alimtazama, akatazama jiwe, akamwekea mkono mgongoni pale penye maumivu.

"Umeumiaje, mwalimu?"

"Nilikuwa naokota kalamu."

"Ilikuwa kalamu nzito," alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Kisha akatugeukia. "Mmesimama nini? Wilf amehama, na mimi bado nalala na kuku. Nirudishieni kitanda changu chumbani."

Tukakibeba, na safari hii Mzee Cuthbert alishika upande wa mbele.