Dada Aliyengoja Sindano Moja

Watu wengi wanadhani kwamba katika miaka ile ya korona waliotushinda ni wale waliokataa chanjo. Mimi nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya huko Masaba, upande wa Uganda, na waliokataa sikuwaogopa. Nilikaa nao kwenye benchi la baraza, nikaeleza, nikarudia. Mama mmoja alisema sindano itamfanya asizae tena. Jirani yake akamdaka: "Umri huo bado unazaa nini, wewe? Mvi?" Tulicheka sote, na wiki iliyofuata wakaja wawili pamoja kudungwa.

Aliyenishinda ni dada yangu mkubwa, na yeye hakukataa.

Dada aliuza mukene, wale dagaa wa ziwani, mjini Busia. Ndiye aliyenilea na kunisomesha, na tangu nilipopata kazi aliniita sista, kama wagonjwa wanavyotuita, ila yeye kwa utani. Alinipitia asubuhi moja akielekea sokoni.

"Sista, hii yenu ni sindano ngapi?"

"Mbili. Unadungwa ya kwanza, halafu unarudi baada ya wiki kadhaa."

"Na inaleta homa?"

Sikumficha. Wengine hupata homa ya siku moja au mbili, nikamwambia, mwili unajifunza.

"Sasa mara mbili nalala, mara mbili nakosa soko. Wateja wangu wa Kenya wanasema kwao inakuja ya moja tu. Ni ukweli?"

Ningeweza kujibu kwamba sijui. Lakini mimi mtu akiniuliza napenda aondoke ameelewa, kwa hiyo nilichukua karatasi nikamchorea jinsi chanjo ya dozi moja inavyotofautiana na ya dozi mbili. Sidhani kama nimewahi kueleza jambo vizuri kuliko siku ile. Dada alitikisa kichwa kukubali, akakaza leso yake kiunoni.

"Basi mimi nangoja ile ya moja. Nidungwe mara mbili, mimi ni gunia nashonwa?"

"Hata hiyo ni nzuri, dada," nikamwambia.

Niliyasema kwa furaha. Siku hizo yeyote asiyekataa tulimhesabu ushindi. Daftari letu la kutembelea nyumba lilikuwa na safu mbili tu, ya waliokubali na ya waliokataa. Dada nilimwandika kwenye waliokubali.

Chanjo yake haikufika mwezi ule wala uliofuata. Yeye aliendelea kuvuka mpaka kwa njia za panya, kwa sababu mukene haingoji mtu. Alipoanza kukohoa alisema ni vumbi, kisha akasema ni malaria. Siku aliposhindwa kumaliza sentensi tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia, tukaenda hospitali.

Wagonjwa walikuwa wamelala kwenye mikeka hadi mlangoni. Mtungi mmoja wa oksijeni ulikuwa unapumuliwa na watu wawili, na wa tatu anasubiri. Mjamzito aliyekuja na uchungu aliambiwa akae nje kando ya ukuta, maana wodi ya wazazi tulikuwa tumeilalia sisi. Muuguzi wa pale, binti mwenye macho mekundu kwa uchovu, aliniuliza, "Amechanjwa?"

"Alikuwa anangoja."

Hakuinua kichwa. "Humu wote walikuwa wanangoja, mama."

Dada alikufa siku ya tatu, mchana. Kabla sijamaliza kukunja blanketi lake walimlaza mtu mwingine pale.

Mazishini mhubiri alituombea sisi tunaokataa dawa kwa ukaidi, na watu wakaitikia amina. Nami niliitikia. Baadaye nilimfuata binti wa dada jikoni, akiwa anasugua masufuria.

"Mama yako hakukataa," nikamwambia. "Alitaka kungoja, na mimi nikamwambia ni sawa."

Alisugua kidogo, akasimama. "Hiyo usiwaambie wajomba, mama mdogo." Kisha akasema, "Nidunge mimi. Leo."

Chupa moja ya chanjo tuliyokuwa nayo, ile ya sindano mbili, ilikuwa ya watu kumi, na ikishafunguliwa haifiki kesho. Tulikuwa tumeagizwa tusiifungue mpaka watu watoshe. Neno Jumatatu lilikuwa tayari mdomoni mwangu: njoo Jumatatu, watakuwepo wengine. Nililimeza. Nilichukua ufunguo wa kituo tukaenda, mimi na yeye, kwa nguo zetu za msibani. Nilimdunga. Kisha nilisimama barabarani nikiwaita wapita njia, nikapata wawili. Dozi zilizobaki ziliharibika.

Msimamizi wa kituo alipoliona daftari la chanjo alikasirika, na alikuwa na haki. Aliniuliza ni mantiki gani ya kufungua chupa nzima kwa ajili ya mtu mmoja wakati dozi zenyewe ni haba.

Nilimjibu kwamba mtu alikuwa tayari.