Ng'ombe kwenye Kadi ya Watu wa Mbuzi

Wapo watu hapa Majengo wanaodhani kuchora kadi ya mwaliko ni kubonyeza kompyuta. Mimi si mmoja wao. Diploma yangu ya michoro niliipata Kampala, nikijisomesha kwa kuandika vibao vya maduka, na niliporudi Goma sikubisha hodi kwa mjomba wala kwa mbunge. Nilikodi chumba cha mbao, nikatundika diploma ukutani, nikaanza. Leo mwenye harusi yoyote, kuanzia Murara mpaka Ndosho, anaijua atelye yangu, karakana ya kadi.

Walionicheka mwanzoni walicheka desturi yangu moja. Sikuchora kadi ya harusi kabla ya kwenda kukaa nyumbani kwa wenye harusi. Niliuliza wanatoa nini kwa mahari na nani anapokea, kisha nikachora palepale kwa penseli. Mchoro ule ulikuwa wa familia ile tu, haukwenda kwa wengine. Kazi ilipozidi, kadi nilimwachia dada yangu mdogo, mimi nikafuata mahoteli na nembo zao. Yeye aliona kutembelea watu ni kupoteza muda.

Kisha akaingia mama mmoja, mfanyabiashara wa Butembo. Hakusalimu. Aliniwekea mezani kadi ya harusi ya mwanawe.

"Papa, hii ngombe ni ya nani?"

Nilimjua yule ng'ombe. Nilikuwa nimemchora mwenyewe, pembe ndefu na kilima nyuma, kwa familia ya wafugaji wa Masisi. Dada yangu alimtoa kwenye mashine tulimohifadhi michoro ya zamani, akabadilisha majina tu.

"Ni mapambo, mama," dada yangu akasema.

"Mapambo gani? Sisi tunatoa mbuzi. Sasa wakwe wanasema, mumetuonyesha ngombe, tunangoja ngombe. Tusipoileta, hakuna bibi arusi. Mutoto wangu atamuoa nani, wewe?"

Yule mama alipotoka kunisubiri nje, dada yangu alinigeukia, akaniita yaya kama kaka mkubwa anavyoitwa kwetu.

"Wateja wanataka haraka, yaya. Na ile kutembea-tembea yako tungekula nini?"

"Jina langu. Ndilo unalokula mpaka sasa."

Nilichukua karatasi na penseli, tukapanda pikipiki na yule mama hadi Ndosho, kwa wazazi wa bibi harusi. Nao ni watu wa Butembo, mahari yao ni mbuzi tangu zamani. Baba mdogo wa binti, ambaye ndiye aliyeshikilia habari ya ng'ombe, alitupokea akiwa ameketi.

"Huyu njo fundi wa ngombe?"

"Muzee, mimi si fundi. Niko na diplome."

"Diplome wanaikamuaka?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nilimwambia kwamba mtu wa Butembo anayedai ng'ombe kwa sababu ya picha anaukana ukoo wake mbele ya wageni. Alisimama. Kijana mmoja akasogea mlangoni, sijui kwa kunizuia au kwa kunitoa. Yule mama aliyenileta akaanza kulia, akisema nimekuja kuua harusi badala ya kuiponya.

Niliketi bila kukaribishwa, nikafungua karatasi, nikauliza swali langu la zamani ambalo dada yangu hakuwahi kuliuliza.

"Mbuzi wa kwanza ni wa nani?"

"Ni wa baba," akajibu shangazi wa bibi harusi, kabla baba mdogo hajasema kitu. "Ingine ya mama. Ingine ya mujomba."

Nilichora kila mmoja alipomtaja, na chini yake nikaandika mpokeaji. Shangazi alipofikia mbuzi wake mwenyewe, akamgeukia baba mdogo.

"Na yangu? Mu ile ngombe yako mbuzi yangu iko wapi?"

"Tutagawa nyama."

"Nyama? Nilimulea huyu mutoto, nawe unataka nipewe nyama mu sahani kama muvisiteur, kama mugeni?"

Mjomba naye akauliza wake. Ng'ombe mmoja ana kamba moja, na kila mtu ukumbini alijua ingeshikwa na mkono wa nani. Baba mdogo alisema anatukanwa nyumbani kwao, akatoka. Shangazi akachukua mchoro wangu na kusema kadi hiyo ndiyo waliyoipokea, ile nyingine ichanwe.

Jumamosi mbuzi walipelekwa, na kila mmoja alipokewa na mwenyewe. Baba mdogo alinipita langoni bila kunipa mkono. Sikuuhitaji.

Jumatatu nilifuta michoro yote ya zamani kwenye mashine, dada yangu akitazama.

"Unafuta kazi yangu," alisema.

"Ni ya wenyewe. Hatukuwa na ruhusa ya kuiazima."

Alibeba mkoba wake, na siku hizi ana chumba chake ng'ambo ya barabara. Anayetaka kadi kabla ya jua kuzama namwonyesha mlango ule. Asiyetaka nifike kwao, naye namwonyesha uleule.