Kumpandisha Mama Mkwe Kwenye Kiti

Kanuni mpya za kuwahudumia watu wenye ulemavu majumbani zilipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mimi ndiye niliyezisoma mbele ya watu. Nani mwingine? Nilikuja kambini nikiwa mtoto kutoka Kivu Kusini, nikauza nyanya soko la Misiera miaka mingi, nyanya zikanipeleka shule, shule ikanifikisha Mbarara, nikatoka na diploma ya tiba ya viungo. Nilifanya kazi hospitali ya Ruharo, na ningeweza kubaki mjini kama wengine waliopata cheti wakasahau njia ya kurudi. Nilirudi. Nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye madirisha ya vioo, na anayebisha aje aione.

Basi siku ile nilisimama mbele ya mkutano pale Base Camp, nikitafsiri kwa sauti. Zamani shirika la misaada liliajiri mtu wa nje, mara nyingi jirani, aje asubuhi kumtoa mwenye ulemavu kitandani na kumsaidia kuoga. Sasa kazi hiyo itafanywa na mtu wa nyumba hiyohiyo, akishafundishwa na kupimwa nyumbani kwake. Mahali ambapo hakuna aliyefaulu, anayehudumiwa atahamishiwa kwenye kituo cha Biharwe, nje ya kambi. Watu waliuliza maswali mengi, nikayajibu yote. Nilikuwa ninakunja karatasi ndipo jambo likanijia kichwani: hata kwangu yupo mtu wa namna hiyo. Mama mkwe.

Mama wa mke wangu miguu yake haina nguvu. Anaishi nasi, katika chumba chake chenye mlango wake upande wa nyuma, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawabanani mlango mmoja. Sijawahi kula mbele yake. Simtazami usoni. Jina lake nalijua lakini halijapata kutoka kinywani mwangu. Kumshika kwa mikono, hilo hata usilitaje. Asubuhi alikuwa akija jirani yetu, mama mmoja Mrundi, anamhamishia kwenye kiti cha magurudumu, naye anakaa uani kutwa akichambua maharage na kuchambua watu. Mke wangu angeichukua kazi hiyo bila neno, ila alikuwa na mimba kubwa. Kumwogesha angeweza. Kumwinua, hapana, hata ndoo ya maji nilikuwa nimemkataza. Nikabaki mimi.

Mke wangu alicheka mpaka akashika kiuno.

"Munganga wa batu bote! Unainua bazee, unainua baaskari, mama yangu ndiye amekushinda?"

"Hajanishinda. Ni heshima."

"Basi iyo heshima itamupeleka Biharwe."

Hapo hakucheka tena, aliangalia pembeni. Mama yake ndiye ndugu pekee aliyetoka naye kwetu.

Nilianza na njia ya wazee. Nilikuwa nimesikia kwamba mwiko wa ukwe hulegezwa kwa zawadi, nikatafuta jogoo mwekundu ambaye Misiera nzima ilimjua, nikaongeza kitenge kizuri, nikamtuma mke wangu avipeleke. Jibu lilipitia ukutani, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Kitenge nimepokea. Kuku ile muikule benyewe! Heshima yangu haiko ya kuuzisha na kuku. Na ku Biharwe siende. Batanizika hapa hapa."

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilikumbuka Mbarara. Kule nilifundishwa kumhamisha mtu kwa ubao wa kutelezea: upande mmoja unalala kitandani, wa pili unalala kwenye kiti, mtu anateleza juu yake kama samaki kwenye jani la mgomba. Niliagiza ubao wa namna hiyo kwa fundi seremala, ukapigwa msasa mpaka nzi akateleza. Kisha nikaongeza la kwangu, ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Mke wangu angemtandikia mama yake kile kitenge kipya chini ya mapaja, kikiwa kimekunjwa mara mbili. Mimi ningesimama nyuma, uso nimegeuzia dirisha, nikashika pembe za kitenge na kuvuta. Mkono wangu unashika nguo, nguo inamshika mama mkwe. Mwiko uko salama, na mtu yuko kwenye kiti.

Tulijaribu na gunia la mahindi kwanza. Kisha tukajaribu naye. Aliteleza. Nilisikia "Eh!" moja tu, na kwa jinsi ninavyomfahamu, hiyo ilikuwa sifa.

Siku ya kupimwa alikuja mpimaji, mama mmoja Mnyankore kutoka Mbarara, mnene, mchangamfu, mwenye Kiswahili chake cha sokoni. Aliukagua ubao, akapapasa kitenge, akaridhika. Nikashika pembe zangu.

"Ngoja, musawo," akanizuia, akiniita daktari kwa lugha ya huko. "Kwanza angalia yeye kwa macho, ita yeye jina, sema nataka fanya nini. Iko kwa kanuni."

Ilikuwemo. Nilikuwa nimeisoma mwenyewe mbele ya umati, kwa sauti nzuri. 

"Nyabo," nikamwita kwa heshima ya kwao, "huyu ni mama mkwe wangu. Kwetu hatuwezi."

"Najua. Hata sisi Ankole iko na mambo ya bakwe. Lakini kama wewe navuta tu, bila kuuliza, hiyo ni gunia, si mtu. Mimi nitaandika nini?"

Alisema kweli, na mke wangu mlangoni alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Lakini aliyetafsiri kanuni ni mimi, na mimi sisomi nusu.

"Nyabo, mstari wa chini yake unasema anayehudumiwa ndiye anayechagua namna ya kuambiwa. Muulize yeye."

Akamuuliza.  Mama mkwe akanyoosha mkono, akagonga gurudumu la kiti kama mtu anayebisha hodi.

"Weye kiti, sikiya. Umuambie ule mutu mwenye kusimama nyuma yangu, asinivute mbiombio kama anakokota mbuzi ya soko. Nikisema twende, ndiyo avute."

Ndivyo wakubwa wetu walivyokuwa wakisema na wakwe zao, kupitia chungu, kupitia mbwa, kupitia chochote kilichokuwa karibu. Nikaelewa palepale.

"Kiti, mwambie mama nimesikia. Mwambie nitamvuta polepole, upande wa kulia. Kama ataumia, aseme. Yuko tayari?"

"Kiti, umuambie niko tayari tangu asubuhi. Yeye ndiye mwenye kutetemeka."

Mnyankore alikuwa amekaa kwenye kigoda, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Twende!" akasema mama mkwe.

Nikavuta. Akatua kwenye kiti sawasawa, mgongo umenyooka, hata kilemba hakikusogea.

Lilibaki swali la mwisho, ambalo mpimaji humuuliza anayehudumiwa mwenyewe: anamkubali msaidizi huyu, au apelekwe kituoni?

"Kituoni? Kule batu banakukazia macho sawa bapolisi. Niache fasi yangu. Huyu mukwe anavuta muzuri kupita binti yangu."

"Mama!" mke wangu akapiga kelele, huku anacheka na kulia pamoja.

Mnyankore akaandika kwamba nimefaulu, akatia sahihi karatasi ikiwa juu ya goti lake. Mama mkwe hakungoja hata wino ukauke. Alikiambia kiti kwamba anataka kwenda Misiera, leo hii, watu wamwone. Nikasukuma. Jirani yetu Mrundi akapiga vigelegele, wenzake wakampokea duka hadi duka. Njia nzima hakunigeukia hata mara moja. Kiti, kata kushoto. Kiti, simama hapa, kuna chumvi. Kiti, pole pole, kuna mashimo. Waliotuona walimwona mwanamke aliyekaa kama mbunge, na nyuma yake mtu mwenye diploma, kifua mbele, akitii kila neno.