Sista Polepole

Wiki jana, sokoni Nakuru, nilimwona sista mmoja mzungu, mzee, akichagua viazi. Nikainamisha kichwa kama mwizi, ingawa hakuwa yule aliyenifundisha utotoni.

Siku tuliyomzika baba kule Molo, nyumba yetu ilinuka moshi na makoti yaliyonyeshewa. Mwalimu wetu wa darasa la tatu, sista aliyeacha shule ya kwao ng'ambo akaja kutufundisha sisi, alifika kwa miguu, gambuti zikiwa nzito kwa matope. Kiswahili chake kilikuwa cha miezi miwili. Watu walimwambia mama pole, wakaketi. Yeye alimshika mikono yote miwili.

"Pole pole, Mama," akasema.

Nilidhani anamwambia asiharakishe, kama anavyoambiwa fundi aliye juu ya ngazi. Nikacheka, mimi mwana wa marehemu, nikawasimulia wenzangu, na Jumatatu darasa zima likawa linamwita Sista Polepole. Aliitika kwa furaha hadi alipohamishwa, akidhani tumempa jina la heshima.

Mama hakucheka. Tangu baba afariki macho yake yalikuwa makavu, lakini hapo alimwegemea yule mgeni, akalia. Mama alikuwa amesikia pole mbili.