Gari la Kunifikisha Nyakach

Mume wangu alipopata kiharusi, nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ng'ambo ya Pap Onditi, huko Nyakach, na nyumba yetu ilikuwa Kisumu mjini. Kabla ya hapo tulikuwa tumezoea: siku za kazi nalala shuleni, Ijumaa jioni narudi. Kiharusi kikauvunja utaratibu huo. Mkono na mguu wake wa kulia vilikataa kazi, na maneno yakampotea, akabaki na machache aliyoyatoa kwa shida. Niliomba uhamisho niletwe shule ya mjini, nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri huku nikienda na kurudi kila siku.

Nilitoka nyumbani giza halijaisha, nikimwacha na mama jirani aliyekubali kumlisha na kumgeuza. Nabadilisha gari Ahero, nabadilisha tena Katito, na lami ikiishia hapo nangoja chochote kitakachopita. Mvua ikinyesha hakipiti kitu. Udongo mweusi wa kule ukilowa hugeuka gundi. Unauinua mguu, kiatu kinabaki. Nilitembea nimevishika viatu mkononi, nikafika shuleni na tope la magotini, nikanawa kwenye tangi na kuingia darasani. Jioni safari ni ile ile, kinyumenyume. Nikifika nyumbani kuna maji ya kuchemsha, kuna shuka za kufua, kuna mtu wa kuogeshwa.

Siku moja nililala nimesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, katikati ya sentensi niliyokuwa nikiiandika ubaoni. Wanafunzi hawakucheka. Waliningoja mpaka nikazinduka mwenyewe, na nilipogeuka niliona wengine wameinamisha vichwa kwa kunionea haya. Ingekuwa afadhali wangecheka. Jioni ile nikaamua nitanunua gari.

Sikuwa mtu wa magari. Leseni nilikuwa nayo kwa sababu mume wangu alinilazimisha kujifunza tulipooana, akisema mke asiyejua kuendesha ni mzigo siku ya shida. Yeye ndiye aliyeyapenda. Tulipokuwa vijana, kila Pasaka aliomba ruhusa kazini bandarini akaenda kusimama kando ya barabara pale Awasi, ayaone magari ya mashindano yakipita yamejaa vumbi. Alirudi jioni amebabuka na jua, akinieleza sauti ya kila injini kama mtu aliyetoka kusikiliza kwaya. Sasa mimi ndimi niliyepaswa kuchagua, na yeye alikuwa kitandani akinitazama.

Gari la kwanza nililolijaribu lilikuwa la mwalimu mwenzangu, saluni ya kawaida, safi, isiyonywa petroli sana. Aliniruhusu nilipeleke shuleni siku moja kabla ya kukubaliana. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mbele kidogo ya Katito gurudumu la mbele lilianza kuzunguka bure, gari likajikalisha kwenye tope hadi mlangoni. Wanaume waliokuwa wakienda shambani walilibeba kama wanavyobeba jeneza, pande zote, wakaliweka penye nyasi. Niliwashukuru, nikaligeuza na kumrudishia mwenyewe. Sikumwambia zaidi ya kwamba halinifai.

Kaka yake mkubwa mume wangu alikuja Jumamosi ile. Lazima niseme haki yake: ni yeye aliyekuja kila wiki kutoka kijijini kumwogesha ndugu yake, jambo ambalo wanaume wengi wangeliachia wanawake. Alikaa, akapewa uji, kisha akasema amesikia natafuta gari, naye amepata pikapu nzuri huko Mamboleo, yenye kuvuta magurudumu yote manne. Itapita tope la Nyakach bila wasiwasi. Tena itafaa nyumbani pia: kuna mahindi ya kupeleka sokoni, kuna wagonjwa wa kukimbiza hospitali, na siku hizi, alisema akiangalia chini, kuna maiti za kuleta nyumbani karibu kila mwezi.

Alisema kweli. Miaka ile tulizika sana, na aliyekuwa na pikapu hakuwa na Jumamosi yake. Nilimjua mwalimu mmoja wa kiume aliyeiuza yake kwa sababu ilikuwa imejaa harufu ya mochari na hakuweza tena kula akiwa ndani yake. Nilifikiria muda mrefu namna ya kusema, nikaishia kusema tu.

"Shemeji, nikinunua pikapu nitakuwa dereva wa ukoo. Sina nguvu hiyo. Ile niliyo nayo inamtosha ndugu yako tu, na siku nyingine haimtoshi."

Alikunywa uji wake mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Basi nunua ile utaweza."

Hakukasirika waziwazi, lakini wiki mbili zilizofuata hakuja, nikamwogesha mume wangu peke yangu.

Gari la tatu nililipata karibu na msikiti, kwa mzee mmoja aliyekuwa na duka la vipuri. Baba yake alikuja na reli kutoka pwani, mama yake alikuwa mtu wa hapa hapa ziwani, na Kiswahili chake kilinifanya nitake kukaa nimsikilize hata kama habari yenyewe ilikuwa ni ya shokamzoba za gari tu. Nilimweleza ninachokitaka: gari dogo, lisilo na nafasi ya kubeba mizigo ya watu, litakaloshika tope, na litakaloniwahisha nyumbani. Akacheka kidogo, akanipeleka nyuma ya duka.

Lilikuwa gari fupi la Kijapani, jeupe, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu na milango miwili tu ya watu. Ubavuni palionekana alama za namba iliyobanduliwa. Mzee alikuwa akishindana nalo katika mashindano madogo ya vilabu, mpaka alipolipindua upande wa Muhoroni na mkewe akamwambia achague. Lilivuta kwa magurudumu yote manne na injini yake ilikuwa na turbo.

"Mwalimu, sikufichi," alisema. "Linakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka machungani. Difu ya nyuma, ile gia ya kwenye ekseli, inalia ukifika kasi fulani, utaizoea. Viti vyake vigumu, si vya starehe. Na ukifika uendako usizime injini papo hapo. Iache iungurume kidogo turbo ipoe, la sivyo utaiua."

Nilimuuliza kama ni gari la kuendeshwa kila siku na mtu kama mimi. Aliniangalia, mwanamke wa makamo mwenye mfuko wa madaftari, akasema hajui, maana hakuwahi kuliendesha polepole. Jibu hilo nililipenda. Tulikwenda nalo hadi Katito na kuingia kwenye tope lile lile lililonikamata. Lilitambaa kama mjusi. Upande wa nyuma uliteleza, wa mbele ukauvuta, na sisi tukaendelea kwenda.

Hata hivyo sikuamua. Nilitaka mume wangu alione kwanza. Mzee akalileta nyumbani Jumapili alasiri, na nyumba nzima ya kupanga ikatoka kuangalia. Mzee na jirani mmoja wakambeba mume wangu hadi nje. Kwa vile milango ilikuwa miwili tu, ilikuwa mirefu, ikafunguka pana. Tulimwingiza bila kumgonga kichwa, ingawa gari lilikuwa chini na kazi ya kumtelemsha haikuwa ndogo.

Tangu augue, nilikuwa nimempeleka hospitali kwa teksi kwenye mazoezi ya viungo, na kila kona alikuwa akianguka upande wa kulia, mpaka ikabidi nikae nyuma nimshike mabega kama mtoto anayejifunza kuketi. Alichukia hilo kuliko ugonjwa wenyewe. Viti vya gari hili vilikuwa vimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaopinda kona kwa kasi. Vilikuwa na kuta pande zote mbili, kiunoni na mabegani. Tulipomketisha, kiti kikamshika. Alikaa wima. Mkono wa kushoto aliuweka juu ya dashibodi, akaupitisha pole pole kwenye vumbi, na upande wa kulia wa mwili wake haukwenda popote.

Mzee akawasha injini. Mume wangu alisikiliza, kisha akanitazama na kutafuta neno. Tulimngoja.

"Hii," alisema.

Nikalinunua.

Sitasema lilikuwa gari zuri la kila siku. Mgongo uliniuma tangu wiki ya kwanza. Klachi ilikuwa nzito hata mguu wangu wa kushoto ukawa unatetemeka nikisimama ubaoni. Polisi wa kizuizi cha Ahero walinisimamisha mara kwa mara kwa sababu ya mlio tu, wakimtafuta kijana ndani, wakanikuta mimi na kitambaa changu cha kichwa. Vipuri vyake vilingojewa kutoka Nairobi. Mara moja nilirudi kwenye kuvishika viatu mkononi kwa majuma kadhaa nikisubiri kifaa kimoja cha ekseli. Lakini kulipokuwa na tope lilinipitisha, na nilikuwa nyumbani kabla jua halijazama. Nilimkuta mume wangu akiwa bado macho. Hilo ndilo nililolinunua.

Na kulikuwa na ile habari ya turbo. Kila jioni nikifika uani sikuzima injini. Niliegemeza kichwa kwenye kiti, nikafumba macho, na mlio ule ukawa unatetemesha mifupa yangu. Mlangoni mama jirani alikuwa akinisubiri anipe ripoti: amekula, hakula, amelia, ameanguka. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyeweza kuniambia nishuke, kwa sababu gari lilikuwa linapoa. Nikiri kwamba lilipoa zaidi ya lilivyohitaji.

Shemeji alirudi. Siku ya kwanza alilizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akapima kwa macho, akaufunga. Akasema hata madebe mawili ya mahindi hayatakaa vizuri. Nikasema ndiyo. Kisha akaingia ndani kumwogesha ndugu yake, na hatukulizungumza tena jambo hilo.

Mwaka wa pili, msimu wa kiangazi, mume wangu alianza kuniambia, "Awasi." Alilisema asubuhi, alilisema usiku. Nilimwambia nimechoka, tutakwenda. Kila Jumapili nilikuwa na madaftari ya kusahihisha na nguo za kufua, na wazo la kukaa tena kwenye kile kiti kigumu siku yangu pekee ya kupumzika lilinitia uchungu. Mwisho, Jumapili moja alipolisema akageuza uso ukutani bila kungoja jibu. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikamwita jirani tumbebe.

Barabara ya baada ya Ahero imenyooka katikati ya mashamba ya miwa na mpunga, na siku ile haikuwa na magari. Niliendesha kama ninavyoendesha siku zote, kama mtu anayehesabu petroli. Mume wangu akaweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wangu, ule ulioshika gia, akausukuma. Hakuwa na nguvu, lakini nilimwelewa.

"Unataka nikimbie?" nilimuuliza.

"Kimbia, Mama."

Nikakanyaga. Kwanza hakikutokea kitu, kama kawaida ya gari lile, halafu turbo ikaamka na barabara ikaanza kuja kwa haraka nisiyowahi kuiona. Difu ikalia, tukaipita kasi ile, ikanyamaza. Niliogopa sana. Nilishika usukani kwa nguvu mpaka viwiko vikauma, macho yakiwa mbele tu, nikiomba ng'ombe asivuke. Kando yangu nikasikia sauti nisiyoijua. Nilidhani anashikwa na kiharusi kingine. Nilipunguza mwendo, nikatazama: alikuwa anacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo tu, na mate yalimtiririka kidevuni, lakini kilikuwa kicheko chake.

Tulisimama Awasi kando ya barabara, pale alipokuwa akisimama ujanani. Nilimpangusa, nikamnunulia ndizi, nikammenyea. Watu wa soko walitutazama wakaendelea na shughuli zao. Nilitaka nione furaha kwa ajili yake, na naamini niliiona kidogo, lakini zaidi nilikuwa nafikiria nguo zilizolowa kwenye beseni na kwamba kesho ni Jumatatu.

Aliondoka mwaka uliofuata, mwanzo wa mvua za masika, kwa kiharusi cha pili, nami nikiwa shuleni. Tulimzika kwao. Kaka yake alisimamia kila kitu, kuanzia mochari hadi kaburi, na hakuniomba hata kwenda dukani na gari. Siku tatu baadaye alikuja kukaa nami kwenye kivuli cha nyumba, akaniambia nilimtunza ndugu yake vizuri. Nilimshukuru kwa Kijaluo, "Ero kamano," na kwa kweli sikuwa na kingine cha kumpa.

Uhamisho wangu ulitoka muhula ule ule. Shule mpya ilikuwa mwendo mfupi kwa miguu kutoka nyumbani. Nilipouhitaji nilikuwa nimeuomba nikachoka, na sasa uliletwa kama chakula kwa mtu aliyekwisha kulala.

Gari lilikaa uani, matairi yakaanza kupungua upepo. Akaja daktari wa mifugo kutoka Awasi, kijana aliyekuwa na mashamba ya kuzungukia kwenye tope. Aliniuliza kama ni gari la kuendesha kila siku. Nilimweleza yote: petroli, difu, klachi, vipuri, mgongo. Nilimweleza turbo. Alisikiliza, akalizunguka, akasema atalichukua hata hivyo.

Nilikwenda nalo hadi Awasi kumkabidhi, nikarudi kwa basi. Nilipata kiti cha dirishani. Nilifika nyumbani mchana, nikavua viatu, nikajilaza juu ya kitanda bila kukitandua, na nililala mpaka mama jirani alipogonga kuuliza kama nimepika.