Sinema ya Bwana Joho ilivyotaka kuvunja posa ya binti yangu

Wakuu wa daftari, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wenzangu wa rika hamjambo.

Wewe uliyelishika daftari hili sasa hivi, nakuandikia kama mtu wangu wa karibu, yule ambaye nikimwachia nyumba sifungi kabati.

Ninayoandika ni kweli tupu. Mimi ni mama wa misheni, siapi ovyo. Mkidhani nimetia chumvi, Baba Martina yupo, mwulizeni. Atawaambia nimepunguza.

Utaratibu wetu wa darasa la jioni mnaujua. Mtu anaandika jambo lake, anaacha mistari, wengine wanajaza chini. Juma lililopita tulisoma habari ya nguruwe pori na shamba la maharage, tukacheka hadi mwalimu akatufukuza. Leo ni zamu yangu.

Haya.

Binti yangu Martina alichumbiwa na Petro, fundi seremala wa pale misheni. Kijana mtulivu, amebatizwa, anasali. Baba yake ni Mzee Gidamuy, mfugaji wa Kibarabaig kutoka uwanda wa Hanang, mtu wa mila zake, hajabatizwa wala hana mpango.

Sisi tupo Maretadu, tunalima mahindi. Kwa hiyo mkulima na mfugaji walikuwa wanataka kuwa ndugu. Mnajua hilo peke yake ni kazi.

Lakini lilikwenda vizuri. Baba Martina na Mzee Gidamuy wakawa wanakutana kila mnada wa Dongobesh, wanakaa pamoja, wanakunywa kidogo, wanaagana vizuri. Posa ikapokelewa. Ilibaki siku ya ndoa tu.

Ndipo ikaja sinema.

Pale Dongobesh kuna mfanyabiashara, nitamwita Bwana Salumu. Alileta mashine ya sinema na jenereta. Siku ya mnada, mchana, anafunika madirisha ya ghala lake kwa magunia, anatundika shuka ukutani, watu wanakaa juu ya mahindi wanatazama.

Picha zenyewe zilikuwa za mtu mwenye nguvu kupita watu. Jina lake la Kiingereza hatukulishika. Sisi tulimwita Bwana Joho, kwa sababu ya joho alilovaa mgongoni. (Na nguo ya ndani ameivaa juu ya suruali. Nilisikitika, nikaendelea kutazama.)

Adui yake tulimwita Masharubu. Maneno yote ni Kiingereza, hakuna aliyekuwa anaelewa. Bwana Salumu alikuwa anasimama pembeni anatueleza anachofikiri.

Mnada wa kwanza tuliona hivi. Bwana Joho ana kovu shavuni. Ananyanyua lori zima kwa mikono. Anapigana na Masharubu juu ya jabali, Masharubu anaanguka, anakufa, anazikwa, tumeona kaburi kwa macho yetu. Bwana Joho anafunga ndoa na bibi mmoja mrembo. Watu wakapiga makofi mpaka vumbi la mahindi likatupalia.

Mwishoni yalitokea maneno mawili makubwa kwenye shuka. Ningeyajua yale maneno, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini kwa Kiingereza mwalimu wetu alikuwa ametufikisha kwenye namba tu.

Mnada wa pili, Masharubu huyo hapo. Mzima. Juu ya farasi, anatoka kuiba benki.

Ghala zima likaanza kuulizana.

Halafu kovu la Bwana Joho halipo. Lori hanyanyui tena, ananyanyua pipa, tena kwa shida. Na yule mkewe anamwuliza jina lake, kama hajapata kumwona.

Mnada wa tatu ndio balaa. Bwana Joho hana hata joho. Ni karani wa ofisi, miwani machoni, anakimbizwa na mbwa. Anapanda juu ya ukuta kumkimbia mbwa, wakuu. Na Masharubu ni rafiki yake, wanakula meza moja.

Vijana wakaanza kulalamika kwamba ile ya kwanza ilikuwa sinema na hizi nyingine wameharibu. Mwingine akasema stelingi wamembadilisha, huyu kidevu chake ni kingine. Wakagombana njia nzima.

Hao ni vijana. Shida ilikuwa kwa wazee wangu wawili.

Baba Martina alishika neno moja: mapacha. Masharubu alikuwa na pacha wake. Bwana Joho naye ana pacha, ndiyo maana hana kovu. Yule bibi naye vilevile. Kufikia mnada wa tatu mume wangu alikuwa amezalisha mapacha nchi nzima ya Wazungu.

Mzee Gidamuy hakukubali. Kwao mzee mkubwa akifa hafukiwi tu. Wanamjengea kilima cha udongo, watu wa mbali wanakuja, miezi inapita wanakipandisha. Masharubu alikuwa mtu mkubwa, ana farasi, ana lori, ana watumishi. Na tulimwona ametiwa shimoni na watu wanne, wakaondoka.

"Boay," akamwambia mume wangu, "mtu wa namna ile unamtupa kama mbwa, hata kilima hujengi, halafu unaniuliza kwa nini amerudi? Ameudhika. Na yule aliyemwua anaisha nguvu kidogo kidogo. Huoni? Lori, pipa, mbwa."

"Ni mapacha, mzee."

"Na farasi ana pacha?"

"Farasi ni yuleyule. Amerithiwa."

Watu walicheka. Na kicheko ndicho kilichoharibu, kwa sababu kila mmoja alidhani anachekwa yeye.

Nawaambia ukweli, kwa akili tu, hoja ya Mzee Gidamuy ilikuwa inaeleza kila kitu. Ya mume wangu ilikuwa inahitaji uzazi mwingi mno.

Basi wakaanza kutupiana maneno. Mzee akasema mwanawe hawezi kuoa kwenye nyumba ambayo haijui laana hata ikiiona na masharubu yake. Baba Martina akasema hampi binti yake mtu anayeamini maiti wanapanda farasi.

Kila mtu akasimama, akashika njia yake. Siku ya ndoa ikawa haitajwi.

Martina hakulia mbele yangu. Alikuwa anakwenda kisimani, anarudi na ndoo nusu. Mama yeyote anajua maana yake.

Sasa mnaniuliza, na wewe Mama Martina ulikuwa upande gani?

Mimi nilikuwa na upande wangu wa tatu, na nilikuwa mkali kuliko wote. Nilisema sinema ile ni kufuru. Aliyefufuka ni Mmoja, na hakufufuka na masharubu akaenda kuiba benki. Nilisimama mbele ya akina mama wa misheni nikasema asiende mtu tena pale.

Mimi mwenyewe nilikwenda mara zote tatu. Nilikwenda ili nijue ninachokikataza.

Baada ya ule ugomvi nikasema imetosha. Nikachukua akina mama wawili, tukatembea hadi Dongobesh kumwambia Bwana Salumu aache. Alikuwa dukani anapima chumvi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Mama Martina," akasema, "mimi hiyo mikanda inanijia kutoka Arusha ndani ya makopo. Ingia stoo ukatazame kama kuna shetani."

Nikaingia.

Makopo yalikuwa matatu, bapa kama sahani, yamepangwa kwenye rafu. Kila moja lina karatasi ubavuni. Nikasogea kwa sababu ya mazoea tu, tangu nianze darasa la jioni nasoma hata mfuko wa mbolea.

Kuanzia kushoto: ONE. La katikati: TWO. La kulia: THREE.

Nikamwuliza Bwana Salumu mnada wa kwanza alitoa kopo gani. Akanyoosha mkono bila kufikiri, akagusa la kulia.

Na wa pili? La katikati.

Nikakaa juu ya gunia.

Wakuu, karani wake wa duka amesoma shule ya misheni, aliyapanga kutoka kushoto kama tunavyoandika sisi. Bwana Salumu amesoma chuoni, kwenye Kurani, macho yake yanaanzia kulia. Herufi hizi za kwetu hazisomi. Kwa hiyo kila mnada alikuwa anaanza pale ambapo kwake ndipo mwanzo. Hakuna aliyekosea, na sinema nzima tumeitazama kinyumenyume.

Masharubu hakufufuka. Tulimzika kwanza, tukamwona akiwa hai baadaye. Yule bibi alikuwa hajaolewa bado. Kovu lilikuwa halijapatikana. Na yule karani wa mbwa ndiye Bwana Joho kabla hajaokota joho lake.

Akina mama wale wawili waliponiuliza kuna nini, niliwaambia twende nyumbani kwanza. Hapo ndipo nilipopimwa.

Kwa maana nikisema, Baba Martina anaaibika na mapacha wake wote. Mzee Gidamuy anaaibika na laana yake. Wanaume wawili wakiaibishwa na mwanamke wa darasa la jioni, posa ndiyo imekufa kabisa. Na mimi mwenyewe nilishatangaza kufuru mbele ya watu, kumbe ni rafu.

Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini binti yangu atakosa mume kwa jambo ambalo halikutokea, na mimi nitakuwa najua.

Nilisali rozari njia nzima. Sikupata jibu jipya, nilipata lilelile la kusema kweli.

Nikamwambia Baba Martina akiwa anakula. Akaacha kutafuna. Akasema huenda kwa Waingereza kuhesabu kunaanzia tatu.

Nikamfuata Mzee Gidamuy kwenye ng'ombe wake mnadani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikaeleza. Akasema karatasi kwenye kopo hata yeye anaweza kubandika, na asubuhi ya kesho akabandika nyingine.

Nikasema basi twende tukatazame tena, moja, mbili, tatu. Bwana Salumu amekubali kutuonyesha zote siku moja.

Mzee akageukia ng'ombe wake. Lakini alikuja. Alikaa upande wa kulia wa ghala, Baba Martina kushoto, mimi katikati na akina mama wangu. Petro alikuwa mlangoni, Martina nyuma yangu. Yule binti alikuwa hatazami shuka, alikuwa anatazama migongo ya wazee wawili.

Yule karani wa miwani akakimbizwa na mbwa. Akaokota joho. Akanyanyua pipa. Akapata kovu, akanyanyua lori, Masharubu akafa, akazikwa, akabaki amezikwa. Ndoa. Yale maneno mawili makubwa, ambayo sasa najua yanasema ni mwisho.

Magunia yakaondolewa madirishani, mwanga ukaingia. Nilikuwa nimeshika rozari mfukoni mpaka vidole vinauma.

Mzee Gidamuy akasafisha koo.

"Boay."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu ule ugomvi.

"Naam, mzee."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Mtu anaanza mdogo, anakua, anapata nguvu, anaoa. Hata ndama wangu anafanya hivyo. Hiyo nayo ni ya kuja kutazama?"

Baba Martina akatikisa kichwa taratibu. Akasema kweli mzee, ile ya kwanza ilikuwa nzuri, hii mkewe ameiharibu.

Mke ndiye mimi, wakuu.

Wakatoka pamoja. Mimi nikafuata nyuma. Wakawa wanasema ile yao ya kinyumenyume ilikuwa na mambo ya kuulizana, hii kila kitu unakijua kabla hakijafika. Mzee akakiri mapacha si wazo baya. Baba Martina akasema na kile kilima wangemjengea, mazishi yale yalikuwa ya haraka mno kwa mtu mwenye lori. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi, na hakuna aliyenitazama.

Walipofika njia panda walisimama kidogo, wakahesabu kwa vidole, wakapeana mikono. Walipanga ndoa ifanyike baada ya mavuno.

Martina akanikimbilia. "Mama, wamesemaje?"

Nikamwambia wamesema sinema ni mbaya sana. Kashone gauni.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama wa misheni nikasema nilikosea, haikuwa kufuru, yalikuwa makopo. Watatu walinuna. Nikagundua walikuwa wanakwenda kwa siri, na sasa haina ladha tena.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani ukweli ukisemwa, watu watapatana kwa ajili yake. Hawa wangu walipatana kwa kuuchukia pamoja. Bado ningeusema. Nasali kila siku Mungu anieleweshe, na mpaka hapo sinyamazi.

La pili ni dogo: kabla hujagombana na mtu juu ya mwisho wa jambo, mwulize yeye alianzia wapi.

Chini hapa nimewaachia mistari ya kutosha. Andikeni. Aliyewahi kupoteza ndugu kwa ubishi wa kitu ambacho hakipo aseme, hatutamcheka sana. Na anayeona kidevu cha Bwana Joho ni kilekile katika mikanda yote aje na sababu, maana hilo hata baada ya kutazama upya bado linabishaniwa nyumbani kwangu.

Ukimaliza kusoma usiliweke daftari juu ya kabati. Mpe wa darasa la Endagikot, naye ampe anayekwenda Haydom kumtazama mgonjwa, alale akisomewa. Na asiyejua kusoma, msomee wewe. Anzia ukurasa wa kwanza.